Saladi za Bi Siagi

Jumanne, 5 Machi

Mvua ya kwanza imetukuta kliniki. Daktari amesema presha ya mke wangu iko juu, na sukari nayo imepanda. Alisema kwa upole, kama mtu anayekunong'oneza kwamba nguo yako imechanika mgongoni. Mke wangu akamuuliza, "Na chipsi?" Daktari akacheka. Mimi sikucheka. Mama mkwe alianguka jikoni kwake kwa presha hiyo hiyo, mwiko ukiwa mkononi, na hakusema neno tena mpaka tulipomzika.

Mimi ni fundi cherehani. Kutwa napima viuno na mabega ya watu, nasikiliza siri zao wakiwa wamenyoosha mikono, lakini za kwangu nilikuwa na mtu mmoja tu wa kumwambia, na hili siwezi kumwambia yeye. Ndiyo maana naandika. Naogopa.

Yeye anauza mikate. Amesimama nyuma ya kaunta ile tangu kabla sijamwoa, na wateja humwita Bi Siagi, kwa ajili ya mwili wake na kwa ajili ya maneno yake, vyote laini. Mungu hakutujalia watoto. Alitujalia hamu ya kula pamoja. Siku za kazi chipsi na kuku wa kukaanga. Tukiwa na huzuni, tambi za nyama. Tukiwa na furaha, baga. Yeye hurudi miguu imevimba, kwa hiyo mpishi wa jioni ni mimi. Basi ni mimi niliyemnenepesha, na ni mimi niliyeagizwa kumpunguza.

Alhamisi, 7 Machi

Majani ya saladi, nyanya, tango, ndimu. Alikula, kisha akauliza, "Fundi, hiki ni chakula au ni salamu za chakula?"

Nikacheka. Naye akacheka kidogo, halafu machozi yakamjaa. Sikuwahi kumwona mtu mzima akimlilia kuku. Akasema si kuku. Akasema kutwa anawafungia watu furaha kwenye karatasi, na sasa akirudi kwake hakuna kinachomsubiri. Nikamwambia mimi namsubiri.

"Wewe hukaangwi," akasema.

Jumanne, 12 Machi

Nimefikiria kifundi. Mteja akikuletea gauni analolipenda lililochakaa, humpi gauni jingine. Unalifumua, unaacha kile anachokipenda, unabadilisha kilichooza. Nikamuuliza ni nini hasa anachokipenda kwenye chipsi na kuku. Akafumba macho kama anayesali. Chumvi, akasema. Ukali wa ndimu. Kitu kinacholia mdomoni. Na ule uzito mweupe wa mayonezi.

Leo nimechemsha viazi na maganda yake, nikaviponda kidogo kwa kiganja, nikavikausha kwenye kikaango kilichopakwa tone la mafuta mpaka vikalia. Kuku nikamchemsha kwa vitunguu saumu, nikamchana nyuzi nyuzi, nikampitisha naye motoni. Kabichi nikaikata nyembamba kama uzi, karoti hali kadhalika. Juu yake mtindi, ndimu na pilipili manga. Nilimaliza kabla hajatoka kuoga.

Alipangusa bakuli kwa kidole. Akasema, "Hii inanijua."

Jumatano, 13 Machi

Mvua. Saladi ile ile ya jana, kwa ombi la mwenyewe.

Jumanne, 19 Machi

Baga bila mkate: nyama ya kusaga isiyo na mafuta, imekaangwa kavu kwa kitunguu, imemwagwa juu ya majani ya saladi na nyanya na tango lililolala kwenye siki, haradali kidogo. Tulikuwa ndiyo tunaanza kula shemeji akabisha hodi.

Shemeji ni dada mkubwa wa mke wangu, mjane, msusi mwenye saluni yake upande wa pili wa soko. Hana tabia ya kuja mikono mitupu. Alifunua kitambaa: mapaja ya kuku, yamekaangwa, bado yanachuruzika. Akatazama bakuli letu akauliza sungura wetu amejificha wapi. Nilimwambia daktari amekataza. Akasema daktari siye aliyemlea mdogo wake, aliyemlea ni yeye.

Mke wangu alikula kipande kimoja mbele yangu, akiniangalia kama mtoto anayejaribu mipaka. Baadaye niliosha vyombo kwa kishindo, naye akajua. Mwanamke yule anampenda mdogo wake kama moto unavyopenda kuni.

Jumapili, 24 Machi

Nimepunguza sketi yake ya kazini. Kiuno, na kidogo kwenye nyonga. Nimeshona viuno vingi, lakini mshono huu niliushona nikiimba. Kliniki juzi nesi alipomwona kwenye mizani alimpigia makofi, na mimi nikapiga.

Ila mke wangu hakuimba. Aliivaa sketi, akageuka mbele ya kioo, akasema ni nzuri. Halafu akakaa kitandani nayo muda mrefu. Nilipomuuliza, alisema amechoka tu. Sikuendelea kuuliza. Nilikuwa na mteja wa suruali.

Jumamosi, 6 Aprili

Tambi leo, chache tu, ndani ya maharage ya kijani na samaki wa kopo na nyanya na majani mengi. Akala nusu, akasema ameshiba. Nikafurahi. Nusu nyingine nikaila mimi.

Jumatatu, 8 Aprili

Mvua haijakata tangu Ijumaa. Vitambaa vyote vina harufu ya ukungu. Mgongo unamuuma, anasema ni kusimama.

Jumapili, 14 Aprili

Nyumba imekaa kimya kama yenye maiti, na mwenye kosa sijui ni nani.

Shemeji alikuja kumsuka, kama kawaida ya Jumapili. Mimi nilikuwa jikoni nakata tango. Akaniita kwa sauti ya chini ambayo si yake. Nilimkuta amekaa kwenye kiti, mdogo wake kati ya magoti yake, na mkononi ameshika fungu la nywele, si zile zinazobaki kwenye kitana.

"Shemeji, ona," akasema. "Sijazivuta. Zinakuja zenyewe."

Nilimwambia mtu akipungua mwili, nywele nazo hupungua, nesi amesema. Nesi hakusema. Nilitunga hapo hapo.

"Na hapa?" Akaweka kidole kwenye shingo ya mke wangu, pale nyuma, mahali ninapopimia kola. "Huyu nimemsuka tangu ana meno ya utoto. Shingo hii siijui. Ni ya mtu mwingine."

Mke wangu akasema, "Dada, acha."

"Siachi. Mtu huyu anaisha, na wewe unashona nguo unacheka. Unamuua mdogo wangu kwa majani."

Hapo ndipo niliposema. Nilimwambia aliyeuawa anajulikana, ni mama yao, na kilichomuua ni kikaango, na aliyekuwa akimletea vya kukaanga kila jioni ni yeye. Nilimwambia atoke nyumbani kwangu na asirudi mpaka atakapojifunza kupenda mtu bila kumlisha sumu.

Aliweka kitana na uzi kwenye mfuko wake, akamshika mdogo wake shavuni, akatoka kwenye mvua bila mwavuli. Kichwa cha mke wangu kilikuwa kimesukwa upande mmoja tu.

Nilijaribu kuumalizia upande wa pili. Vidole vinavyotunga uzi kwenye sindano bila miwani vilishindwa na nywele za mke wangu. Akanitoa mikono taratibu, akajifunga kitambaa.

Jumatatu, 15 Aprili

Ameenda kazini na kitambaa kichwani. Hajaniaga.

Jumatatu, 22 Aprili

Kliniki. Presha imeshuka, sukari bado inasumbua. Uzito umeshuka tena, na nesi akawaita wagonjwa wengine waje wamwone, eti mfano wa kuigwa. Walimzunguka wakiuliza anakula nini. Mke wangu akanielekezea kidole bila kutabasamu, nami nikawaeleza habari za kabichi na mtindi kama mhubiri. Nilitaja mgongo, lakini mwishoni, tukiwa tumeshika mlango. Wakampa vidonge vya maumivu, wakamwambia aombe kiti kazini.

Nilipita kwenye duka la mikate jioni kumchukua. Alikuwa amekaa kwenye kiti hicho. Mteja mmoja wa siku nyingi akaniuliza Bi Siagi yuko wapi. Alikuwa mbele yake.

Jumapili, 28 Aprili

Shemeji hakuja. Hakuna aliyemtaja.

Ijumaa, 3 Mei

Zamani, jioni za uvivu, tulikula mikate yake iliyobaki, imejazwa mayai na siagi. Leo nikaifumua hiyo: vipande vidogo vya mkate mkavu vilivyookwa, mayai ya kuchemsha, parachichi, majani, siki kidogo. Nilitumia jioni nzima kwa sababu nilitaka acheke. Sijamsikia akicheka tangu dada yake aondoke.

Alikula vijiko vichache, akaenda nje, nikamsikia akitapika. Nikadhani ni mayai. Nikaondoa mayai, nikamtengenezea upya. Akasukuma bakuli. Nikamwambia ale. Akasema hawezi. Nami, Mungu anisamehe, nikampigia kelele. Nilisema nahangaika peke yangu nyumba hii, nilisema yeye hataki kupona, anamlilia dada yake na mafuta yake. Akachukua uma akala. Alikula majani yote huku akinitazama, moja baada ya jingine, na mimi nikakaa pale nikamwacha ale, kwa sababu nilitaka kushinda.

Alhamisi, 9 Mei

Mwili unamwasha. Nimebadilisha sabuni.

Jumatatu, 13 Mei

Nilikuwa nampima blauzi ya kazini, mara ya tatu kuipunguza. Leo jua lilitoka kidogo, nikamwambia asogee dirishani nione pini. Nilikuwa nimemwekea kitambaa cheupe begani. Akageuka kuniuliza kitu, na nikaona macho yake karibu na ule weupe.

Kazi yangu ni rangi. Naweza kukutofautishia nyuzi mbili nyeusi gizani. Macho ya mke wangu yalikuwa ya manjano, na shingo yake, na viganja vyake. Si manjano ya leo. Rangi ile ilikuwa na siku zake, na kila jioni nilikaa naye meza moja chini ya balbu ile dhaifu nikitazama kama amemaliza bakuli.

Nilimwambia avae viatu. Hakuuliza tunakwenda wapi.

Jumatatu, 20 Mei

Hospitali kubwa. Wamempiga picha za kila namna. Leo daktari, si yule wa kliniki, bali mama mmoja mwenye nywele nyeupe, alituita wote wawili. Mke wangu alitaka aambiwe bila kuzungushwa, naye akamwambia. Kuna uvimbe kwenye kongosho, na umeshasambaa mpaka kwenye ini. Hautakatwa. Watamsaidia maumivu, watamsaidia kuwashwa. Akamweleza sukari ile nayo huenda ilianzia hapo hapo.

Mke wangu akashukuru kama mtu aliyepewa chenji. Nesi alipompeleka kitandani, mimi nilibaki.

Nilimwambia daktari kwamba mke wangu alikuwa anapungua kwa sababu ya saladi. Nilimwambia hivyo kana kwamba nikimweleza vizuri atabadilisha majibu. Akaniuliza saladi gani, nikamweleza, naye akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema ni chakula kizuri, na huenda mwanzoni kilichangia kweli. Nikamuuliza na baadaye?

"Baadaye ulikuwa ugonjwa," akasema.

Nikamuuliza, angekonda bila saladi ya kusingizia, si tungekuja mapema? Akasema huenda. Akasema pia ugonjwa huu hujificha hata kwa anayeutafuta, na hawezi kuniambia kwamba mapema ingekuwa mapema ya kutosha. Hakunihukumu wala hakunitua mzigo. Nilimchukia kwa yote mawili.

Kitandani nilianza kumwambia mke wangu: tulipiga makofi, nilikulazimisha, nilikufukuzia dada yako. Akanifunika mdomo kwa kiganja chake cha manjano.

"Fundi," akasema, "usinifanye niondoke nikiwa nakubembeleza wewe."

Jumanne, 21 Mei

Nimeenda saluni. Shemeji alikuwa na mteja, nusu kichwa. Aliniona mlangoni na maji yananitiririka, akaacha mikono juu ya nywele za yule mama. Nilimwambia palepale, mbele ya watu. Sikuwa na njia nyingine ya kusema ila kuanza na neno hospitali na kumaliza na neno ini.

Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane. Alikaa kwenye kiti cha kuoshea nywele, akatazama sakafu, kisha akasema, "Mimi pia nilidhani ni saladi."

Sikumwelewa.

"Nilidhani anakonda kwa njaa. Nilijua nikimtoroshea kuku wawili watatu atarudi. Niliona shingo, niliona nywele, na sikuwaza ugonjwa. Tuligombania sahani, shemeji, mwizi yuko chumbani."

Akamwomba mteja radhi, akafunga duka. Tulitembea mpaka hospitali chini ya mwavuli mmoja. Nilikuwa nimemwona mchochezi, halafu kwa siku moja nikamwona nabii. Kumbe ni mtu aliyepotea kama mimi. Sijui kwa nini hilo liliniuma zaidi.

Ijumaa, 24 Mei

Tumemrudisha nyumbani. Shemeji amehamia. Amemnyoa nywele zilizobaki, kwa wembe na maji ya uvuguvugu, wakinong'ona kama wasichana.

Jumapili, 2 Juni

Daktari alisema ale chochote anachotaka. Maneno yale yale ambayo Machi tungeyafanyia sherehe.

Leo asubuhi aliamka na nguvu kidogo akasema anataka chipsi na kuku, vya kweli, vya mafuta. Shemeji alisimama kabla sentensi haijaisha. Mimi nilimenya viazi, yeye akakaanga. Tulifanya kazi bega kwa bega kwenye jiko lile dogo na harufu ikajaa nyumba nzima, ile harufu ya ndoa yangu.

Tulimpelekea. Alishika kipande kimoja, akakinusa, akakigusisha mdomoni, akakirudisha. Tumbo limekataa. Shemeji akageuza uso ukutani. Nilitaka kuitoa ile sahani nikaitupe mbali.

"Usiitoe," akasema mke wangu. "Kaeni. Kuleni nyie."

Tukasema hatuna njaa. Akasema hajatuuliza njaa. Basi tukakaa kitandani, mmoja kila upande, sahani juu ya blanketi, tukala mbele yake. Alituangalia kama mtu anayetazama mpira. Alimwambia dada yake aongeze chumvi. Aliniambia mimi nisile ngozi kwanza, ngozi huachwa mwisho, miaka yote hii bado sijajifunza. Aliniuliza inalia? Nikasema inalia. Nilitafuna na machozi yakiingia kwenye chakula na sikuweza kumeza, nikameza. Shemeji alikula huku kifua kinamtetemeka. Tulimaliza sahani nzima kwa sababu alitaka tuimalize.

Kisha akaomba tango. Nikalikata jembamba kabisa, nikalikamulia ndimu. Akanyonya vipande viwili.

Jumamosi, 8 Juni

Hasemi. Anafinya mkono.

Jumanne, 11 Juni

Ameondoka alfajiri, mvua ikinyesha. Shemeji alikuwa ameshika miguu, mimi kichwa.

Jumatano, 12 Juni

Nimemshonea mwenyewe. Sikuhitaji kumpima.

Jumapili, 23 Juni

Waombolezaji wamekwisha. Mvua nayo imekata, jua linawaka mabatini kama halikuwahi kukosekana. Duka la mikate wameweka msichana mwingine kwenye kaunta. Napita upande wa pili wa barabara.

Shemeji alikuja mchana. Alibisha hodi, akaingia, akakaa. Tulizungumza habari za wageni na vyombo vya kurudisha. Halafu akafungua mkoba akatoa kadi ya kliniki, akaiweka mezani bila kunitazama. Alikwenda juzi kwa sababu ya kichwa. Presha, na sukari kidogo. Anasema amepiga picha ile ya tumbo pia, aliwang'ang'ania, na haikuonyesha kitu. Wamemwambia apunguze mwili.

Akaniuliza kama naweza kumfundisha chochote, hata kimoja. Chakula anachokipenda yeye ni wali na maharage yenye nazi nzito, anakula tangu mtoto.

Nilitaka kusema siwezi. Mikono ilikuwa imeshaanza kazi. Maharage yaliyochemshwa yalikuwepo, nikayamwaga maji, nikayachanganya na pilipili hoho, kitunguu, nyanya, majani yaliyokatwa, wali wa kahawia kiganja kimoja, na nazi nikaikuna kidogo tu juu, ya kunukia. Ndimu. Alisimama karibu yangu akiangalia kisu. Hakunitania habari za sungura.

Alikula taratibu. Mimi nilikaa mbele yake na sikula. Nilitazama macho yake, weupe wake. Nilitazama viganja. Alipoinama kuchota nilitazama shingo nyuma, pale pa kola, nikajaribu kukumbuka ilikuwaje mwaka jana, na sikukumbuka, kwa sababu sikuwahi kumtazama.

Alimaliza, akasema ni tamu, akaomba kidogo tena. Nikachukua bakuli nikaenda jikoni. Nilisimama na mwiko mkononi mpaka akaniita kuuliza kama kuna tatizo. Nikamjibu hakuna.

Atakuja tena Jumapili. Akiwa amenenepa nitaogopa. Akiwa amepungua nitaogopa, na watu watampigia makofi.